Gilasi juani na mashine ya sukari: dhana potofu kuhusu bayosensa za maji (vipimo vinavyotumia kimeng'enya au kiumbe hai kutambua kitu)

Dhana: Maji ya kisima yakiwa maangavu na hayana harufu, ni salama.

Shangazi yangu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huteka ndoo, akamimina maji kwenye gilasi na kuinyanyua juani. Asipoona kitu, tunakunywa. Lakini naitreti, kemikali yenye naitrojeni inayoshuka kutoka mashimo ya vyoo na mbolea, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na hata zikifika 100 jicho halitaona. Sisi wa maweni tuna hatari zaidi: jiwe letu la matumbawe limejaa matundu, na maji machafu hupita humo upesi, hayachujiki kama kwenye udongo mzito.

Dhana: Bayosensa ni mambo ya maabara za Ulaya.

Shangazi huyo huyo anaumwa sukari. Kila asubuhi anajitoboa kidole, anagusisha tone la damu kwenye stripu, anasubiri sekunde chache. Hiyo ni bayosensa kamili. Ndani ya stripu mna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kinachoitambua sukari, na umeme mdogo unaotokea hapo mashine huugeuza namba. Mmarekani Leland Clark alieleza wazo hili mwaka 1962. Bayosensa za kupimia uchafuzi hufuata njia hiyo hiyo.

Dhana: Kifaa kimoja kitatwambia kila kilichomo majini.

Hapa ndipo ninapoona watu wakijidanganya zaidi. Shangazi aliniuliza kama mashine yake haiwezi kutiwa tone la maji ya kisima. Haiwezi, stripu ile inajua sukari tu. Vivyo hivyo, ipo bayosensa inayotumia asetilikolinesterasi, kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kinacholemazwa na dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti. Itakwambia sumu ya jamii hizo ipo, haitataja ni dawa gani, na vijidudu vya kinyesi haivioni kabisa. Nyengine hutumia bakteria wa baharini wanaong'ara: wakiguswa na sumu mwanga wao hufifia, na jibu hupatikana ndani ya nusu saa. Nao hawatoi jina la sumu.

Dhana: Tuchemshe tu, kipimo cha nini?

Kuchemsha kunaua vijidudu, na tuendelee nako. Naitreti haitoki kwa moto; maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake hupanda. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, maana damu yake hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha.