Miiba ya Hantkenina na umri wa udongo wa Kilwa

Udongo wa mfinyanzi uliochorongwa karibu na Pande, wilayani Kilwa, unafanana mita baada ya mita. Ukiutazama kwa macho huwezi kujua Eosini inaishia wapi na Oligosini, enzi ya kijiolojia iliyoifuata, inaanzia wapi. Mimi mpaka huo nautafuta kwa kumtafuta Hantkenina.

Huyu ni foraminifera, kiumbe wa seli moja aliyeelea baharini ndani ya gamba la chokaa. Vyumba vya gamba lake vina miiba mirefu yenye uwazi ndani, kwa hiyo ukishaonyeshwa mara moja humsahau. Takriban miaka milioni 33.9 iliyopita alitoweka katika bahari alizokuwa akiishi, na wanajiolojia wakakubaliana kutoweka huko kuwe alama ya mpaka. Kigezo rasmi cha dunia kiko Massignano, Italia. Nikimpata Hantkenina wa mwisho Kilwa, nimeshaliunganisha tabaka letu na mwamba wa kule, hata kama miamba yenyewe haifanani.

Udongo nauloweka mpaka ulainike, nauosha juu ya chekeche lenye matundu ya mikroni 63, nakausha kilichobaki, kisha naokota magamba chini ya hadubini kwa ncha ya brashi iliyoloa. Ya Kilwa hunifurahisha kila mara: ni maangavu kama kioo. Udongo ule haupitishi maji kirahisi, hivyo chokaa haikupata nafasi ya kuyeyuka na kuganda upya. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa ya kale wanayathamini sana. Kemia ya gamba bado inaeleza joto la bahari ile.

Kwenye visima vya mafuta tahadhari huongezeka. Vipande vya mwamba hupanda na tope la kuchorongea, na vya juu hudondokea chini, kwa hiyo kiumbe anaweza kuonekana kina ambacho hakuwahi kuwapo. Pale alipoonekana kwanza tukishuka, yaani alipotoweka, ndipo ninapopaamini zaidi.

Hata hapo namtazama na jirani yake. Turborotalia cerroazulensis, foraminifera mwingine, alitoweka kabla kidogo ya Hantkenina. Nikimkuta juu ya tabaka la mwisho la Hantkenina, gamba limechakaa na yuko peke yake, najua mmomonyoko ulimng'oa kwenye tabaka la zamani ukamzika upya. Huyo simhesabu.