Kumficha mzee saratani iliyosambaa hakumwongezei siku

Kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, ndugu humvuta daktari pembeni: "Baba asiambiwe, atakufa kwa mawazo." Ni huruma ya kweli, lakini haimsaidii. Kinachoua ni ugonjwa. Na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, ingawa haiponi, mara nyingi hutulizwa kwa miezi mingi, hata miaka, kwa kushusha homoni za kiume.

Tiba hiyo inamtaka mgonjwa anayejua. Sindano ya goserelini, dawa inayoshusha homoni hizo, ya miligramu 10.8 hurudiwa kila baada ya wiki 12. Aliyeambiwa ana "shida ya mkojo" tu huacha kwenda maumivu yakipungua. Mbaya zaidi, miguu ikilegea au mkojo ukiziba, hudhani ni uzee, kumbe neva za uti wa mgongo zinabanwa na saratani hiyo. Kuchelewa hata siku moja kunaweza kumnyima kutembea tena.

Daktari makini huanza kwa kuuliza: "Mzee, umeelewa nini kuhusu vipimo? Ungependa kujua kiasi gani, na nani awepo?" Wapo wanaojibu, "Mwambie mwanangu," na hilo huheshimiwa, maana ameamua mwenyewe. Kisha hutamka wazi: "Ni saratani, na imefika kwenye mifupa." Hapo hunyamaza. Wengi hukosea hapa, wakijaza ukimya kwa maelezo ya dawa ambayo hayasikiki. Kama mzee anaelewa zaidi Kinyakyusa au Kihehe, atafsiri muuguzi, si mjukuu. Mjukuu hupunguza makali ya habari. Mwishoni mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichosikia, na tarehe ya sindano aondoke nayo kwa maandishi.