Tumbili Anayekula Mkononi Mwako

Siku za mapumziko, kwenye barabara ya Ngurdoto kuelekea Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni kawaida kukuta gari limesimama pembeni na mtoto katoa mkono dirishani akiwa na andazi. Tumbili anakuja, anachukua, watu wanacheka, picha zinapigwa. Wengi wanaamini huko ndiko kupenda wanyama. Sisi tunaoshughulika na wanyamapori tunakutana na yanayofuata gari likishaondoka.

Tumbili aliyezoeshwa kulishwa haoni tofauti kati ya kupewa na kunyang'anya. Asipopewa, anainua nyusi mpaka kope nyeupe zinaonekana. Watu husema anatabasamu. Anakutisha, na kinachofuata ni meno. Akikosa barabarani anaingia shambani kwa jirani, na jirani akichoka anatega sumu kwenye ndizi. Kwa hiyo aliyefurahi ni mgeni wa saa moja. Mahindi yameliwa ya mama ambaye hata hakuwapo, na aliyekufa ni mnyama. Mimi naona hilo si suala la usafi wa hifadhi tu. Ni dhuluma.

Mbega wa Momella na wa msitu wa Rau pale Moshi ana shida yake. Yeye ni mla majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo majani huchachushwa na bakteria, kama la ng'ombe. Mkate na ndizi mbivu huvuruga uchachushaji huo, akaugua.

Linalotusumbua zaidi ni watoto wa tumbili wanaofugwa majumbani. Mtoto mchanga ana manyoya meusi na uso wa waridi, anashika kidole cha mtu kwa nguvu, na nani asiyemwonea huruma? Lakini fikiria anachokosa. Watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, waliofanya kazi Amboseli, upande wa Kenya wa mlima huu huu wa Kilimanjaro, walichapisha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti ya tahadhari. Wakisikia mlio wa chui wanakimbilia mitini. Wa tai, wanatazama juu au wanajitupa vichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wakikagua majani chini. Watoto hukosea: jani likianguka, mtoto hupiga mlio wa tai! Anajirekebisha kwa kukua kati ya wakubwa. Aliyelelewa sebuleni kwa maziwa ya chupa hajui lolote kati ya hayo. Dume akikaribia miaka mitano anakomaa, anaanza kung'ata watu wa nyumbani, ndipo tunapigiwa simu: "Njooni mumrudishe porini." Porini kwa nani? Kundi geni humpiga, na chui hahitaji kujificha.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, Mwalimu Nyerere katika tamko lake la Arusha la 1961 (si Azimio la 1967, hilo ni jingine) aliwaita wanyama amana tuliyokabidhiwa. Amana haifungwi kamba kiunoni.

Ukikuta mtoto wa tumbili peke yake, usimbebe. Fungia mbwa, rudi nyuma, kaa kimya. Mara nyingi mama yuko mtini anangoja uondoke. Ukiona mama amekufa, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au serikali ya mtaa, na usimpe maziwa ya ng'ombe ukisubiri.

Na uking'atwa au kukwaruzwa na tumbili, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tumbili naye anaweza kuambukizwa kichaa cha mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.