Anayejibu dodoso ni nani? Akili unde na utafiti wa soko kanda ya ziwa

Kampuni inayotaka kuuza taa za sola za kuvulia, mifuko ya kufungashia dagaa au mkopo wa nyavu, lazima kwanza ilijue soko. Zamani kidogo ingetuma vijana na madodoso mpaka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wakae na wachuuzi, waulize, waandike. Siku hizi kuna kishawishi kipya. Mtu anakaa ofisini anaiandikia programu ya akili unde: jifanye mwanamke wa miaka arobaini anayeuza dagaa Mwanza, unijibie maswali haya ishirini. Baada ya muda mfupi ana majibu mia tatu yaliyonyooka, na hakuna aliyedai nauli ya daladala.

Hao ndio washiriki wa kubuni. Kuwatumia si kosa kila mara. Kabla ya kwenda uwanjani wanafaa kujaribia dodoso, maana swali lililokaa vibaya huonekana mapema. Kosa linaanza pale majibu yao yanapoingizwa kwenye jedwali moja na majibu ya watu, kisha mteja akaambiwa "wahojiwa 300". Huo ni udanganyifu, na kuuita ubunifu hakubadilishi kitu.

Tazama linavyokwenda kombo. Programu hizi hujifunza kutokana na maandishi mengi, hasa ya intaneti, kisha hutabiri maneno yanayoelekea kufuata. Mama anayeanika dagaa Igombe hajaandika biashara yake popote. Dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi mingi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo ukimuuliza mchuuzi mauzo ya wiki iliyopita yalikuwaje, jibu linategemea wiki hiyo ilikuwa ya giza au ya mbalamwezi. Mhojaji aliyezoea ziwa atauliza hilo kwanza. Mashine isiyopewa kalenda ya mwezi itaandika kwamba soko limeporomoka, na kampuni itaahirisha mzigo wake bure. Au chukua vipimo. Mchuuzi ananunua kwa ndoo, anauza kwa kisado na kwa fungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Programu inataka kilo. Isipopewa, inaweza kuzibuni, tena kwa kujiamini kabisa.

Kwenye kazi ya kunakili rekodi za sauti, akili unde inasaidia kweli. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima inakwisha haraka. Lakini Kiswahili cha huku kinachanganyika na Kisukuma, Kikerewe na Kijita ndani ya sentensi moja, na programu nyingi hazikufundishwa kwa mazungumzo ya namna hiyo. Makosa yake basi hayamwangukii kila mtu sawa. Maneno ya mfanyabiashara wa mjini yatanakiliwa vizuri, ya mvuvi wa Ukara yatatoka vipandevipande, na mchambuzi mwenye haraka ataviweka kando. Mwishoni ripoti inayosema "kanda ya ziwa" inakuwa imesikiliza mjini tu. Dawa yake ni ya kuchosha lakini haina mbadala: mtu anayejua lugha hizo arudie kusikiliza sehemu ya rekodi, akianza na zile zilizoishinda mashine.

Zipo pia programu zinazodai kusoma hisia kutoka kwenye sauti. Mimi siziamini, hasa kwa sauti zilizorekodiwa mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, ambako kila mtu anapaza sauti ili asikike juu ya injini na makuli.

Tuje kwenye sheria, maana wengi wanadhani haiwahusu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe na Tume, amweleze mhusika anazikusanya kwa lengo gani, asichukue zaidi ya zinazohitajika, na asizitumie kwa jambo jingine. Sasa fikiria mhojaji anayemwambia mchuuzi: "Mama, naomba nipige picha meseji zako za muamala, mfumo usome mauzo wenyewe." Inaonekana ni kurahisisha kazi. Lakini sheria inaziweka taarifa za miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na hizo zinahitaji ridhaa ya maandishi. Kutikisa kichwa hakutoshi. Na ndani ya meseji hizo kuna majina na namba za watu wengine, waliotuma na waliopokea, ambao hawakuombwa chochote.

Picha hizo au nakala za mahojiano zikipakiwa kwenye programu ya bure ya intaneti, huenda zikahifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya nchi, na kusafirisha taarifa binafsi nje kuna masharti yake kisheria. Baadhi ya programu hutumia yaliyopakiwa kujifunzia. Kufuta jina nako kunadanganya. Andika "mwanamke mwenye mitumbwi minne, Kayenze, mjane", halafu uliza pale ufukweni ni nani. Utaonyeshwa nyumba yake. Kwa mialo midogo, unganisha majibu ya mialo kadhaa, au acha baadhi ya sifa kabisa, kabla mashine yoyote haijayagusa.

Jambo la simu ndilo linaloniudhi zaidi. Sasa zipo sauti za mashine zinazoamkia "shikamoo mama" vizuri kabisa. Mama akishaitikia marahaba, ameamini anaongea na mtoto wa mtu, na atajibu kwa heshima hiyo hata maswali ambayo angeyakataa. Kanuni za maadili za pamoja za ICC, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara, na ESOMAR, chama cha kimataifa cha watafiti wa soko, zilizoanza 1977 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, zinamtaka mtafiti awe wazi kwa anayehojiwa na asichanganye utafiti na kuuza bidhaa. Kwa hiyo sauti hiyo ijitambulishe mwanzoni kabisa kwamba ni mashine, iseme inafanya kazi kwa niaba ya nani, na impe mtu nafasi ya kukataa au kuomba binadamu. Na namba iliyopigiwa kwa ajili ya utafiti isionekane wiki inayofuata kwenye orodha ya matangazo ya mikopo. Likitokea hilo, mhusika ana haki ya kudai isitumike tena kwa matangazo, na malalamiko hupelekwa Tume.

Ninyi mnaonunua tafiti, msiishie kwenye kurasa zenye grafu. Dai mkataba utaje akili unde imetumika hatua ipi na nani alikagua kazi yake. Omba kuona madodoso ghafi machache na kusikiliza rekodi kadhaa, kama wahojiwa waliridhia zisikilizwe na mteja. Na ripoti ikidai watu walihojiwa kisiwani Ukerewe, omba tiketi za kivuko.