Zebaki kwenye samaki: sufuria haiitoi

Nikimchemsha papa sana na kumwaga maji, zebaki si inatoka?

Haitoki. Zebaki iliyomo kwenye mnofu imeshikamana na protini yenyewe, kwa hiyo haitoki na maji wala na mafuta. Ndimu, siki na chumvi haziifanyi kitu. Kukaanga ndiko kunakodanganya zaidi: mnofu wa gramu 100 wenye mikrogramu 50 za zebaki ukikauka ukabaki gramu 75, zebaki ni zilezile 50. Kila tonge sasa limebeba zaidi. Ng'onda na papa mkavu hivyohivyo, tena kwa kuzidi.

Kwa hiyo nimle kiasi gani?

Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo mwaka 2003: mikrogramu 1.6 za methili-zebaki (zebaki ya namna inayopatikana kwenye samaki) kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa wiki. Mjamzito wa kilo 60 anaruhusiwa mikrogramu 96 kwa wiki. Papa mwenye miligramu 1 kwa kilo, yaani mikrogramu 1 kwa kila gramu ya mnofu (na viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, huruhusu papa hadi miligramu 1.6 kwa kilo), anammalizia kiasi hicho kwa gramu 96, yaani kipande kimoja. Samaki mwenye miligramu 0.05 kwa kilo angemruhusu karibu kilo 2. Mjamzito asiache samaki, abadilishe samaki: vibua, sato na dagaa badala ya papa, nduaro, jodari mkubwa au sangara mzee. Samaki anayekula wenzake kwa miaka mingi hulimbikiza zebaki zao zote.

Kumsafisha vizuri hakusaidii lolote?

Kwa kadimiamu na risasi, metali nyingine zenye sumu, kunasaidia. Kadimiamu hukaa zaidi kwenye ini na figo, risasi kwenye mifupa, matamvua na magamba. Paa magamba, ng'oa matamvua, tumbua bila kupasua utumbo, kisha kwangua ule utepe mweusi unaolala chini ya uti wa mgongo. Wengi huudhani damu, kumbe ndiyo figo. Pweza na ngisi, tupa matumbo yote.

Halafu angalia sufuria. Mchuzi wa ukwaju au nyanya ukichemka ndani ya sufuria iliyosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu unaweza kuchota risasi humo humo, lawama akabebeshwa samaki.

Na dagaa, wanaoliwa na utumbo?

Maisha yao ni mafupi, zebaki yao ni kidogo. Tatizo ni mahali walipoanikwa: vumbi la kando ya barabara huweza kuwa na risasi. Nunua walioanikwa kwenye chanja, toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke bila mchanga.