Hesabu safari kabla ya kuhesabu prosesa

Swali ninaloulizwa kila mradi: "Tukikokotoa bila kuonyeshana data, itachukua muda gani?" Muulizaji huwa ameshapima programu yake ya kawaida, anataka nimtajie mara ngapi itapungua kasi. Namba hiyo haipo.

Tuchukue AES-128, njia ya kusimba ujumbe kwa ufunguo wa siri. Mmoja ana ufunguo, mwenzake ana ujumbe, na hakuna anayetaka kufunua chake. AES inageuzwa kuwa sakiti, yaani mlolongo wa hatua ndogo za biti ziitwazo mageti: 6,400 ya AND na zaidi ya 28,000 ya XOR. Wingi wa XOR usikutishe. Tangu watafiti Kolesnikov na Schneider walipoonyesha njia mwaka 2008, hata kwa itifaki ya Yao, ambapo upande mmoja humtumia mwenzake sakiti nzima ikiwa imefichwa, XOR haitumi chochote mtandaoni. Mzigo uko kwenye AND.

Kwa Yao, kila AND hubeba baiti 32. Bloku moja, yaani kipande cha ujumbe ambacho AES husimba kwa mara moja, ni takriban kilobaiti 200, na safari za mtandaoni ni chache tu hata sakiti iwe ndefu vipi. GMW, itifaki nyingine ya mwaka 1987, ni kinyume chake: hutuma biti chache mno, lakini kila tabaka la AND (mageti yanayoweza kufanywa kwa pamoja) lazima lisubiri lililotangulia, na AES ina matabaka 60.

Sasa weka seva moja Dar es Salaam na nyingine London. Mwanga ndani ya faiba hukata kama kilomita 200 kwa milisekunde, na huko ni zaidi ya kilomita 7,000. Kwenda tu ni milisekunde 35. Kwa GMW, mara matabaka 60, ni sekunde 2.1. Prosesa ya bei yoyote haitaziondoa. Yao, kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, anamaliza kabla ya nusu sekunde.

Lakini ongeza bloku ziwe 1,000. Yao sasa anabeba megabaiti 200, karibu dakika tatu. GMW anazipitisha zote pamoja kwenye matabaka yale yale 60, na ukiacha maandalizi ya awali, hafikishi sekunde 4. Aliyeshindwa ndiye mshindi!

Niliwahi kumpa mteja makadirio niliyopima kwa kompyuta mbili zilizokaa meza moja. Ofisi zake zilikuwa nchi mbili tofauti, na kazi niliyomwahidi kwa sekunde ilimla dakika. Iliniuma, kwa sababu aliniamini. Tangu siku hiyo naanza na ping, kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kati ya seva zao, kisha nauliza ni rekodi ngapi zitapita kwa mkupuo mmoja.