Historia kwa watoto wa msingi: anza na kamba, tarehe zitafuata

Walimu na wazazi, naomba tuongee kuhusu hili somo la historia, maana sisi wa upande wa mitaala kila tukipita madarasani tunakuta jambo lilelile, mtoto wa la pili anakaririshwa miaka ya wafalme na vita wakati hata jana na juzi bado anazichanganya. Mtihani atajibu vizuri tu, ila muulize nani alitangulia kati ya babu yake na mafarao, anabaki anakuangalia.

Chukua kamba. Sentimita 1 iwe mwaka 1. Mtoto wa miaka 7 anafunga fundo lake kwenye sentimita 7, bibi wa miaka 70 fundo lake linakaa kwenye 70, hapo darasa zima linalipuka kwa kelele maana ndo mara ya kwanza wanauona umri wa bibi kwa macho. Madarasa ya chini kwa kweli yanatosheka na hayo, kabla na baada, zamani na siku hizi, stori za nyumbani, na kitu cha zamani cha kushika mkononi.

La tatu na la nne kamba inarefuka. Ndugu Wright walirusha ndege yao ya injini 1903, mwaka 1969 binadamu akatua mwezini, yaani ni sentimita 66 tu, pungufu ya umri wa bibi! Na huo mwaka 1969 bibi alikuwepo, mtoto akamuulize anakumbuka nini. Halafu piramidi kubwa ya Giza kule Misri, ina kama miaka 4,500, sasa hiyo ni mita 45, kamba inatoka mlangoni mpaka uwanjani, waache waitembee kwa miguu yao wenyewe.

Madarasa ya juu swali linabadilika: tumejuaje? Hapa ndo tunapowanyima watoto utamu wote wa somo. Mfano Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alitoka kwao Tangier 1325, lakini masimulizi ya safari zake yalikamilika 1355, yeye anasimulia na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy anaandika. Miaka 30! Sa waulize, we mwenyewe unakumbuka nini cha mwaka juzi? Yapi aliyaona, yapi alisikia kwa watu, na huyu aliyeandika hakuongeza lake? Wanahistoria mpaka leo wanabishana kama kila alikokutaja alifika kweli, kwa hiyo usikimbilie kuwapa jibu, mtoto wa miaka 11 anaweza kabisa kubishana kwa hoja ukimwachia nafasi.

Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaeleza tangu 1960 kwamba mada ileile irudiwe mara kwa mara, kila ikirudi iende ndani zaidi. Kwa hiyo kamba msiitupe mwaka ukiisha, mwalimu wa darasa linalofuata aipokee na mafundo yake yote, aendelee kufunga.